Bulla Pesa kwenye orodha: historia ya ruzuku za serikali na nambari mbili

Nimepotea hapa wiki kadhaa na wengine wenu mmeuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na kazi ya nyumbani, na kazi hiyo imegeuka kuwa post ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika hapa, kwa hivyo tafuteni chai kwanza. Ile post niliyoahidi kuhusu hifadhidata itasubiri, ingawa mtaona kwamba hii nayo ni post ya hifadhidata.

Ilianza hivi. Mama yangu yumo katika kikundi cha akina mama hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo. Kikundi kilipata ruzuku kutoka mfuko mmoja wa serikali ambao sitautaja. Walipokea shilingi 100,000. Baadaye jirani akasema amesikia orodha ya wote waliopewa imewekwa kwenye intaneti, na mama akanipigia simu. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hebu angalia huko, wametuandikia ngapi."

Nikaangalia. Orodha ilikuwa PDF, kurasa baada ya kurasa, jedwali lililobanwa mpaka herufi zinagusana. Nikaandika skripti ya Python kuigeuza lahajedwali, nikatafuta jina la kikundi, nikapata mstari wao: 150,000. Nikamwambia mama. Mama akawaambia wenzake. Siku mbili hazikuisha, na mweka hazina, mama mtu mzima ambaye ameshika daftari la kikundi tangu mimi niko shule ya msingi, alikuwa anaulizwa elfu hamsini zimeenda wapi.

Nilikuwa nimekosea. Nitaeleza nilivyokosea, lakini mbele kidogo, kwa sababu ile wiki ya aibu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma jinsi serikali za huku kwetu zilivyofika mahali pa kutangaza pesa zinazotoa. Nilidhani ni historia fupi inayoanza na tovuti. Sivyo hata kidogo.

Kabla ya tovuti Kenya ilikuwa na kipaza sauti. Kila aliyekulia nchi hii anajua harambee inavyokwenda: meza mbele, kitabu mezani, mtu mwenye sauti anasoma majina na kiasi, watu wanapiga makofi. Fulani, elfu mbili. Fulani, mbuzi mmoja. Ukitazama kwa jicho la mhandisi wa programu, ule ulikuwa mfumo mzuri sana wa kutangaza michango. Jina lilisomwa, kiasi kilisomwa, na waliosikia ndio waliokuwa watatumia hilo darasa au zahanati. Mtu akiahidi elfu kumi asilete, kijiji kizima kilikuwa shahidi. Ambacho hakikusomwa ni mheshimiwa amezitoa wapi zile laki tatu zake. Hilo ndilo lililoiharibu harambee, na mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ikawawekea maafisa mipaka ya kuchangisha.

Pesa za serikali yenyewe zilikuwa upande mwingine kabisa. Sheria ya Siri za Serikali, sura ya 187, ni ya 1968, na ilimfundisha kila karani kwamba faili ni siri mpaka aambiwe vingine. Kuanzia Julai 1983 kulikuwa na mpango wa kupeleka mipango ya maendeleo wilayani, na kila wilaya ikawa na kamati yake ya maendeleo chini ya DC. Karatasi ilisema wananchi watashiriki. Kwa mwananchi wa kawaida, kushiriki kulimaanisha kukaa juani kwenye baraza na kuambiwa kilichokwisha kuamuliwa.

Na sisi wa Isiolo tulikuwa na hali yetu ya ziada. Kaskazini nzima ilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu wakati wa uhuru hadi 1991. Katika miaka ile hungeingia ofisini kuuliza hesabu, ungeulizwa wewe ni nani na kitambulisho kiko wapi. Lakini kuna jambo moja ambalo serikali haikutuficha. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema waziwazi kwamba pesa za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ambako zitazaa haraka. Yaani si hapa. Ilichapishwa, iko maktaba, mtu yeyote aweza kuisoma. Sijui kama kuna tangazo la wazi kuliko hilo katika historia yetu, na ukweli ni kwamba halikumsaidia mtu Isiolo hata kidogo. Mtu anayesema uwazi peke yake unatosha, mpeni huo waraka.

Sasa twende Uganda, maana hapo ndipo pana kisa ambacho kila mtu wa data anapaswa kukijua.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Hazina ilipeleka pesa wilayani, wilaya ipeleke shuleni. Vitabu vya Hazina vilionyesha pesa zimetoka. Mwaka 1996 ukafanyika uchunguzi ambao wazo lake ni rahisi mpaka unashangaa kwa nini haukufanywa mapema: chukua vitabu vya Hazina, halafu nenda shuleni uangalie vitabu vya mwalimu mkuu, ulinganishe. Walikwenda shule 250. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walioandika matokeo hayo, walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 ya pesa zilizotolewa kwa ajili yake. Kumi na tatu. Shule nyingi hazikupata hata senti. Pesa zilibaki wilayani, zikafanya shughuli nyingine.

Serikali ilipoona hivyo ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani walichopokea. Uchunguzi uliorudiwa ulionyesha kwamba kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80.

Kisa hiki kimesimuliwa katika kila warsha ya uwazi duniani, na kwa kawaida husimuliwa vibaya, kana kwamba gazeti lilifanya kazi yote. Mwaka 2007 Paul Hubbard aliandika kukumbusha kwamba mengi yalibadilika kwa pamoja: elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997, utaratibu wa kutuma pesa ulirekebishwa, wafadhili walikuwa wanachungulia kila mahali. Nakubaliana naye kwamba gazeti lilipewa sifa nyingi mno. Lakini kuna sehemu ya utafiti wa Reinikka na Svensson ambayo mimi siwezi kuiacha: shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa ziliokoa pesa zaidi kuliko zile za mbali. Mwalimu mkuu akisoma kwamba wilaya yake imepokea pesa, na yeye ana daftari lake mkononi linalosema hajaona kitu, basi ana nambari mbili. Nambari iliyotumwa na nambari iliyofika, zote kichwani mwa mtu mmoja. Akiwa na moja tu hana la kusema kwa DEO. Kuanzia hapo, kila mfumo wa kutangaza nilioukuta katika kusoma kwangu nilijiuliza swali hilo moja: nani ana nambari zote mbili?

Nchi za mbali zilikuja na njia zao. Canada ilitangaza Desemba 8, 2005 kwamba ruzuku na michango yote ya serikali inayozidi dola 25,000 itachapishwa bila mtu kuomba. Marekani ilipitisha sheria yake 2006, mswada ambao Barack Obama alikuwa mmoja wa maseneta walioupeleka, na tovuti ya USAspending ikafunguliwa Desemba 2007. Huko kila anayepokea pesa alitakiwa awe na nambari yake ya utambulisho. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi nambari hiyo ilikuwa mali ya kampuni binafsi, Dun & Bradstreet, na serikali ya Marekani ilijinasua kwayo Aprili 2022 tu, ilipoanza kutoa nambari zake yenyewe. Nitarudi kwenye jambo hili la nambari za utambulisho, wanaoandika programu tayari wanajua ninakoelekea.

Kenya nayo ilifunguka 2003. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari mwaka huo na shule ikapata shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 katika akaunti iliyoitwa SIMBA kwa ajili ya vitabu na vifaa, 370 katika akaunti ya matumizi ya jumla. Mimi niliingia darasa la kwanza 2004. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na ubao wenye safu za nambari hizo, tarehe, kiasi, salio, na naamini ndipo nilipojifunza kusoma nambari zenye koma. Mzazi yeyote aliyekuja kulipa kitu au kuitwa kwa utundu wa mtoto wake alisimama pale akiusoma. Huu ni ule mfumo wa Uganda, na ulikuwa mzuri kwa sababu hiyohiyo: kila mtoto 1,020, na idadi ya watoto wazazi waliweza kuikadiria wenyewe wakati wa gwaride. Uliziba pengo la chini. Pengo la juu, kule makao makuu, halikuonekana kwenye ubao wowote, na mwishoni mwa 2009 wakaguzi walipolifichua, Uingereza ikasimamisha msaada wake kwa mpango wa elimu, na Marekani ikafuata Januari 2010.

Mwaka huohuo wa 2003 ulizaa CDF, Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge. Angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, robo tatu yake ikigawanywa sawa kwa maeneo bunge yote 210 ya wakati ule na robo ikifuata kiwango cha umaskini. Mwaka wa kwanza kila eneo bunge lilipata shilingi milioni 6. Kwa watu wa kaskazini, nisikilizeni vizuri, hili lilikuwa jambo kubwa. Baada ya miaka arobaini ya ule waraka wa 1965, hii ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Isiolo Kaskazini angeweza kusema: fungu letu ni hili, liko kwenye sheria, na ni sawa na la watu wa Nairobi. Nambari ya kwanza ilijulikana na kila mtu. Orodha za miradi zikawekwa kwenye tovuti ya mfuko, eneo bunge baada ya eneo bunge.

Tatizo lilikuwa nambari ya pili. Mstari wa orodha ulikuwa na jina la mradi, kazi, na kiasi. Kwenda kuona kama darasa lipo ni rahisi. Kujua kama darasa lile ni la shilingi zile, ni kazi nyingine kabisa. Mabango yalikuwa yanasimama mbele ya miradi na jina la mbunge likiwa kubwa kuliko kiasi, pale kiasi kilipoandikwa. Na darasa moja liliweza kudaiwa na mifuko miwili, huku CDF na kule pesa za baraza la wilaya, kila mmoja na bango lake.

Miaka ile ndipo watu wa fani yangu walipoingia. Kati ya 2005 na 2006 Ory Okolloh na Conrad Akunga, wanablogu wawili, walianzisha Mzalendo kufuatilia wabunge, baada ya tovuti ya bunge kufungwa kwa sababu waheshimiwa kadhaa hawakupenda wasifu wao uonekane. (Ndiyo, tovuti nzima.) Lakini kwa maoni yangu waliofanya kazi ngumu zaidi hawakuwa na kompyuta. Mwaka 2007 shirika la MUHURI la Mombasa lilifundisha wakazi wa Changamwe kuzikagua hesabu za CDF. Waliomba makaratasi, wakayasoma, wakaenda kwenye miradi kuona na kupima, halafu wakaitisha mkutano na kusoma walichokuta mbele ya kila mtu. Mbinu ilitoka India, ambako MKSS, chama cha vibarua na wakulima kule Rajasthan, kilikuwa kimeanza mikutano ya namna hiyo 1994. Sheria ya CDF haikumlazimisha yeyote kuwapa karatasi hizo. Kuzipata ndiko kulikokuwa nusu ya vita. Zilipopatikana, kipaza sauti cha harambee kilirudi, safari hii kikisoma pesa za serikali.

Kisa cha karibu nasi zaidi ni cha mradi wa maeneo kame, ule watu wa hapa waliuita "Arid" tu. Benki ya Dunia iliugharimia kuanzia 1996 hadi 2010, na Isiolo ilikuwa mojawapo ya wilaya zake. Visima, mafunzo, mifugo, gari nyeupe mjini. Mradi ulisifiwa sana kwa kushirikisha jamii. Halafu mwaka 2011 Benki ikatoa matokeo ya ukaguzi wa kina wa wilaya kadhaa na sehemu kubwa ya malipo yaliyochunguzwa ikaonekana ya kutiliwa shaka: risiti, safari, mafunzo.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi wa nambari. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Caltech ambaye amefanya utafiti kwa miaka mingi kwa Waorma wa Tana River, pamoja na mchumi Jetson Leder-Luis, walichukua ripoti za mradi huo zilizoandikwa wilayani na kuzichunguza tarakimu peke yake. Bila kuona kisima hata kimoja. Nambari za kweli zenye upana mkubwa, kama gharama, hufuata kanuni ambayo Simon Newcomb aliigundua 1881 na Frank Benford akaipa jina 1938: karibu asilimia 30 huanza na tarakimu 1, na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Binadamu akibuni nambari hafuati hivyo. Huzitawanya apendavyo, hurudiarudia zilezile, ana tarakimu anazozipenda na anazozikwepa. Ripoti za mradi zilikuwa na alama hizo, na matokeo yao yalikwenda sambamba na yale ya wakaguzi.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, nikaandika Benford kwa mistari michache na kuijaribu kwenye kila faili niliyonayo. Furaha ikapungua nilipofikiria ni nani aliyekuwa na nini. Ripoti zilikuwa wilayani, Nairobi na Washington. Visima vilikuwa Isiolo, Tana River, Wajir. Mama mwenye ng'ombe anayekunywesha kisimani hakuwahi kuonyeshwa kwamba kisima chake kimeandikwa shilingi ngapi. Angeonyeshwa, asingehitaji Benford. Angeangalia tu na kucheka.

Baada ya hapo sheria zilikuja kwa kasi. Katiba ya 2010 ikampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kifungu cha 35, na kifungu cha 201 kikadai uwazi katika fedha za umma. Julai 8, 2011 Rais Kibaki akazindua tovuti ya data huria ya Kenya, kazi iliyosukumwa na Katibu wa Kudumu Bitange Ndemo, na tukawa wa kwanza kusini mwa Sahara. Nilikuwa shule ya msingi bado, lakini wenzangu waliokuwa vyuoni wanaieleza siku ile kama harusi. Wizara nyingi zilikuja harusini bila zawadi. Data za mwanzo zilikuwa nzuri, sensa ya 2009 hasa, ila kuzipata mpya kila mwaka kukawa kama kukama ng'ombe asiye na ndama. Machi 2013 zikaja kaunti, Isiolo ikapata wadi 10, na tangu hapo Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti. Zote PDF. Mwaka 2018 likatoka agizo la rais kwamba washindi wa zabuni za serikali watangazwe na kampuni zao.

Kwa hivyo leo hatuna uhaba wa kutangaziwa. Tuna milima ya PDF. Na hapa narudi kwenye kosa langu.

Ukitafuta mtaa wetu kwenye makaratasi ya serikali utakuta Bulla Pesa, Bula Pesa, Bulapesa na Bullapesa. "Bulla" ni neno la kaskazini la mtaa. Garissa, Wajir na Mandera zina bulla zake. Karani wa Nairobi halijui, anaandika alivyosikia. Kompyuta haijui kwamba hayo ni mahali pamoja. Kuna njia za kukadiria: hesabu ya Vladimir Levenshtein ya 1965 inakwambia ni herufi ngapi ubadilishe kutoka jina moja kufika jingine, na kutoka Bulla Pesa hadi Bula Pesa ni moja tu. Nilitumia hiyo. Inafanya kazi kwa mitaa. Kwa vikundi vya akina mama ni balaa, kwa sababu kikundi cha mama kina jina ambalo vikundi vingine visivyohesabika Kenya hii vimejiita, yale majina ya matumaini na umoja mnayoyajua.

Nilipoirudia PDF kwa macho, mstari kwa mstari, nilikuta mambo mawili. Kwanza, kwenye ukurasa ule jina refu la kikundi kimoja lilikuwa limemwagika mistari miwili, na skripti yangu ikasukuma safu ya eneo chini kwa mstari mmoja. Ile 150,000 niliyoiona karibu na "Bula Pesa" haikuwa na uhakika wowote ni ya nani. Pili, na hili ndilo baya zaidi, jina la kikundi cha mama limo mara tatu ndani ya Isiolo. Mmoja ni wa upande wa Kinna. Miwili iliyobaki imeandikwa Isiolo Kaskazini, na safu ya mtaa ni tupu. Mmoja una 100,000. Mwingine 150,000.

Ufumbuzi wa jambo hili ulishatengenezwa na serikali yenyewe. IEBC imezipa kaunti, maeneo bunge na wadi zote nambari. Isiolo ni 011, Isiolo Kaskazini ni 049, na Bulla Pesa ina nambari yake ya tarakimu nne ambayo haibadiliki hata karani aandike vipi. Kila kikundi kina nambari ya usajili kwenye cheti chake. Cha mama kimewekwa fremu ukutani. Safu mbili tu zingeongezwa kwenye ile PDF na nisingekuwa na la kuandika leo. Watu wa hifadhidata huita kitu hicho ufunguo. Jedwali lisilo na ufunguo unaweza kulisoma ila huwezi kuliunganisha na jingine, na nambari ya pili katika kisa chetu ilikuwa kwenye jedwali jingine, yaani daftari la yule mama.

Nilikwenda kwenye kikao cha kikundi nikasimama nikaeleza. Niliwaambia skripti yangu ilikosea, na nilipofika hapo baadhi walianza kupumua. Kisha mmoja akauliza, "Kwa hivyo sisi ni ya laki moja au ya laki na nusu?" Nikasema kwa hii karatasi haiwezekani kujua. Yule mweka hazina alikuwa ameketi karibu na mlango, akasema, "Afadhali ungesema sisi ni ya laki na nusu na mimi ni mwizi. Sasa ni nini hii?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaisoma Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo nakiri nilikuwa sijawahi kuifungua ingawa nimeitaja kwenye blogu hii mara nyingi nikijifanya mjuzi. Inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa amwandikie. Huulizwi sababu. Kuomba hakuna ada. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupeleka malalamiko.

Tuliandika barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tuliomba kwa kila mstari wenye jina lile: nambari ya usajili ya kikundi, tarehe ya malipo, na nambari ya hundi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina walitia sahihi. Nilitaka kuituma kwa barua pepe, akina mama wakakataa, wakaipeleka wenyewe, nakala mbili.

Daftari la kikundi liko nyumbani kwetu kwa sasa. Yule mama alilileta jioni moja, akaliweka mezani, akanywa chai na mama kama kawaida, wakazungumza habari za bei ya maziwa. Alipoinuka kwenda akaniuliza kama nakala yetu ya barua ilipigwa muhuri. Nikamwonyesha. Akausogeza karibu na taa, akaisoma tarehe.

Leo ni siku ya 14.